Daktari Akiandika "HLD" Tu, Mweka Misimbo Afanyeje?

Ukipitia bili ya mtu anayemeza statini, dawa ya kushusha kolesteroli, nchini Marekani, si ajabu kukuta E78.5. Huo ni msimbo wa mafuta kuzidi kwenye damu (kwa kifupi cha madaktari, HLD) bila aina yake kutajwa. Wakaguzi hawaupendi. Madaktari wengi hawaoni tatizo liko wapi.

Si kwamba misimbo mingine haipo. Tangu Oktoba 1, 2015, Marekani ilipohamia ICD-10-CM, orodha yake ya sasa ya misimbo ya magonjwa, kolesteroli pekee ilipewa E78.0, trigliseridi (mafuta mengine ya damu) pekee E78.1, na zikipanda zote mbili E78.2. Mwaka 2016 E78.0 ikagawanywa kuwa E78.00 na E78.01, hii ya pili ikiwa ya kolesteroli ya kurithi. Kinachokosekana ni maneno ya daktari.

Tuseme majibu ya mgonjwa ni LDL (kolesteroli mbaya) 215 na trigliseridi 130. Daktari kaandika "HLD, aendelee na dawa". Mweka misimbo, anayegeuza maandishi ya daktari kuwa misimbo ya bili, anaona wazi kilichopanda ni kipi, lakini kanuni haimruhusu kutoa utambuzi kwa kusoma namba za maabara; akiweka E78.00 kajifanya daktari. Abaki na E78.5, au amwandikie daktari swali, tena swali lisilomtilia jibu mdomoni.

Madaktari nao wana hoja. E78.5 ni msimbo halali. Wagonjwa wengi watapewa statini ileile vyovyote utakavyouita ugonjwa wao, na kwenye hesabu za CMS-HCC, zinazopanga malipo ya bima ya Medicare Advantage kulingana na magonjwa ya mgonjwa, kutoka E78.5 kwenda E78.2 hakuongezi hata senti. Maswali ya kila siku kwa jambo kama hilo yanamlia mgonjwa muda wake.

Kwa mgonjwa wa kawaida, nakubaliana nao. Hoja hiyo inavunjika pembeni. Trigliseridi zikipita 500, hofu inahamia kwenye kongosho na matibabu yanabadilika. Kolesteroli ya kurithi, inayokadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 250, haimhusu mgonjwa peke yake: watoto na ndugu zake wanapaswa kupimwa, na kampuni za bima kwa kawaida hudai utambuzi ulioandikwa bayana kabla ya kulipia sindano za PCSK9 za kushusha kolesteroli. Chini ya E78.5 familia hiyo haionekani.

Hata hivyo E78.01 si ya kugawa ovyo kwa sababu LDL ni kubwa. Sheria ya GINA ya 2008 inayozuia ubaguzi wa kijenetiki haigusi bima ya maisha, kwa hiyo neno "kurithi" kwenye faili linaweza kumgharimu mtu.

Ningekuwa nasimamia kitengo, ningeruhusu swali kwa daktari pale tu LDL inapofika 190 au trigliseridi 500. Na jibu ninalolitaka ni sentensi moja tu: "Kolesteroli ya kurithi, LDL 215 kabla ya dawa, baba alipata shambulio la moyo akiwa na miaka 44."