Unga au Uso

Karibu kila mpiga picha wa Kampala aliyewahi kuingia bekari ana picha ileile: mikono miwili imepigana kofi, unga umetimka hewani, nyuma giza totoro, na yote kwa nyeusi na nyeupe. Inapendeza, sibishi. Ila hakuna mwokaji anayepiga makofi ya unga. Unga unanunuliwa. Sehemu kubwa ya ngano tunayokula Uganda inatoka nje, na kila dunia inapochafuka bei yake inapanda. Waulize waliokwenda kununua gunia mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza. Mwokaji hunyunyiza unga mezani kwa ncha za vidole, kwa ubahili, na unaobaki anaukwangua na kuurudisha. Makofi yale ameambiwa ayapige na mwenye kamera.

Nimeanza na makofi kwa sababu ndani yake umo ugomvi wangu wote. Mimi si adui wa nyeusi na nyeupe. Bekari nazipiga hivyo na nitaendelea kuzipiga hivyo. Ninacholalamikia ni kwamba picha nyingi za aina hii tunazotoa hapa kwetu zimeuchagua unga na kumwacha mtu. Unga unaonekana chembe kwa chembe. Mwenye kuukanda ni kivuli chenye mikono.

Hili halitokei kwa bahati mbaya, na kamera ina sehemu yake ya lawama. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani yake hakijui kinatazama nini. Kimeundwa kuamini kwamba vitu vyote vilivyo mbele yake, ukivichanganya, vinatoa kijivu cha kati, kile kinachorudisha karibu asilimia 18 ya mwanga. Kielekeze kwenye meza iliyotapakaa unga nacho kitasema hapa mwanga umezidi, kitapunguza, na unga utatoka kijivu. Mtu mweusi aliyesimama nyuma ya meza hiyo anashushwa pamoja nao, mpaka macho, mashavu na mikunjo ya paji la uso vinakuwa doa moja.

Hapo kamera imemaliza ujinga wake, na zamu ya mwenye picha inaanza. Anaingia kwenye programu, anageuza picha iwe nyeusi na nyeupe, halafu anavuta chini kitelezi cha rangi ya chungwa, kile kinachoongeza au kupunguza mwangaza wa rangi hiyo. Ngozi ya binadamu, iwe ya Mnubi wa Bombo au ya Mnorwe, iko katika ukoo wa rangi ya chungwa na nyekundu. Ukiishusha rangi hiyo, ngozi nyeusi inageuka mkaa unaometa jasho, na unga juu yake unawaka. Ziko hata seti zilizopangwa tayari, za kuuzwa, ambazo hufanya kazi hiyo kwa kubonyeza mara moja. Watu wanaziita za kisanii.

Filamu za nyeusi na nyeupe za zamani, zile za othokromatiki, zilikuwa vipofu kwa rangi nyekundu. Mdomo mwekundu ulitoka mweusi, na ngozi ya kahawia ilitoka nyeusi kuliko ilivyo. Mafundi wa kemia wakahangaika mpaka wakapata filamu ya pankromatiki inayoziona rangi zote, na katika karne iliyopita ndiyo ikatawala. Leo mtu ana kamera inayoona kila kitu, halafu anaurudia upofu ule kwa hiari yake, na kuulipia.

Kisenyi, nyuma ya maduka ya Wasomali, kuna tanuri la kuni ninalolipenda. Mwenyewe ni Hajji mmoja. Vijana wake wengine wametoka Bombo, wengine Kongo, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha, kila mmoja na lafudhi yake. Kazi inaanza saa nane usiku. Siku moja Hajji alinionyesha kwenye simu picha aliyotumiwa na mpiga picha aliyenitangulia pale. Nilidhani anataka kujisifia. Akaikuza kwa vidole viwili, akaupita uso wake mwenyewe bila kusimama, akaenda moja kwa moja kwenye treya.

“Mwanangu, huyu ameniunguzia mikate.”

Nikamwambia, “Hapana, Hajji, ni picha tu imetiwa giza.”

“Mteja atajuaje?”

Kisha akasogea pembeni ya picha, kwa kijana aliyeshika treya. Akamtazama sana. Aliyemsaidia kumtambua ni nembo ya Arsenal kifuani. Jezi ilikuwa inasomeka vizuri kabisa.

Kuhusu mikate, Hajji alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Ganda la mkate ulioiva ni kahawia, na kahawia ni rangi ya chungwa iliyotiwa giza. Kwa hiyo kitelezi kinachoizamisha ngozi ya mwokaji ndicho kinachomuunguzia mkate, na ukikipandisha, vyote viwili vinapona pamoja. Mwokaji hana haja ya kujua programu hata moja. Amekaa miaka mbele ya mdomo wa tanuri akipima kahawia kwa macho tu, anajua ipi bado kidogo, ipi sasa hivi, ipi imepita. Ni macho yaliyofunzwa kuliko yangu. Kama yeye anaona mkate umeungua, umeungua.

Tukubali basi kwamba nyeusi na nyeupe inamnyang'anya mwokaji kipimo chake kikuu. Kwa nini niipende?

Kwanza niseme isivyopaswa kutumika. Ndani ya bekari ndogo taa ni balaa: tanuri linatoa mwanga mwekundu, balbu ya dari inatoa wa kibuluu, na kukicha mlango unaingiza wa tatu. Kwa rangi, upande mmoja wa uso unakuwa nyanya na mwingine samaki aliyelala. Wengi hukimbilia nyeusi na nyeupe kuficha vurugu hiyo. Ni sababu ya uvivu, ingawa sitajifanya kwamba hainisaidii.

Sababu yangu hasa ni kwamba rangi ya mkate ina kelele. Treya ikitoka tanurini, jicho la mtazamaji linakwenda kwenye mikate lisirudi. Ondoa rangi, na vitu vingine vinapata nafasi ya kusema. Utaona jinsi kijana anavyokanda kwa kiganja cha chini huku bega likishuka pamoja nacho, uzito wa mwili mzima ukiingia kwenye donge, halafu analigeuza donge robo mzunguko na kurudia. Utaona donge lenyewe linavyobadilika: mwanzo limepasukapasuka na kushika vidole, baadaye linakuwa nyororo na mwanga unateleza juu yake. Mabadiliko hayo hayana rangi kabisa. Unga uliokandwa na ambao haujakandwa ni weupe uleule. Tofauti iko kwenye ngozi ya donge. Kijivu kinaionyesha tofauti hiyo vizuri kuliko rangi yoyote.

Ndiyo maana nasema nyeusi na nyeupe inaifaa kazi, mkate wenyewe tuupige kwa rangi.

Wapo watakaosema nachukulia jambo dogo kwa uzito. Waende kwanza Kololo au Bugolobi, kwenye mikahawa inayouza mkate wa chachu ya asili uliochongwa maua juu. Picha zake zote ni za rangi, ganda la dhahabu, siagi inayeyuka, mpishi anacheka. Kisha warudi Kisenyi, Katwe au Bwaise, ambako mkate unakandwa kwa mkono mwanzo mpaka mwisho, kwenye vibati vilivyokunjwa na mafundi wa Katwe haohao. Huku picha ni za kijivu, moshi, na mtu asiyetabasamu. Mkate wa tajiri una leo. Mkate wa maskini umewekwa zamani. Mwenye tanuri la kuni ana simu mfukoni na anapokea pesa kwa simu, lakini ukiitazama picha yake utadhani amekufa kabla ya uhuru.

Nyeusi na nyeupe haikuzaliwa na tabia hiyo. Mpiga picha Mjerumani August Sander alimpiga picha mtengeneza keki wa Cologne mwaka 1928. Bwana yule mnene, kichwa hakina nywele, amesimama jikoni kwake na koti jeupe, bakuli kubwa mkononi, anakutazama usoni kana kwamba ni wewe uliyechelewa kulipa. Koti ni jeupe, lakini uso ndio unaoanza kuuona. Hakuna huruma mle ndani wala ukale. Kuna mwenye kazi na kazi yake. Na ni kweli Sander alikuwa na kazi nyepesi kuliko sisi, maana uso mweupe na koti jeupe havipishani sana kwa mwanga. Sisi inabidi tufanye bidii zaidi.

Wazee wetu waliifanya. Mwaka 2015, katika jengo la shirika la utangazaji la taifa, UBC, iligunduliwa hazina ya negativu zipatazo 70,000 zilizopigwa na wapiga picha wa serikali, na mwaka 2019 baadhi ya picha zikaonyeshwa kwenye Jumba la Makumbusho la Uganda. Watu walikwenda kumtazama Idi Amin, rais wa miaka ya sabini, na ni haki yao. Mimi niliduwaa kwenye nyuso za watu waliokuwa nyuma yake. Zinasomeka. Mpiga picha wa wizara, katika miaka ile na hofu ile, alijua kuuwekea mwanga uso mweusi uliosimama karibu na shati jeupe. Kitelezi hakikuwepo.

Mimi nafanya hivi. Kipimo nakielekeza usoni, na meza nasahau. Kama sipati nafasi ya kuusogelea uso, naongeza stopu moja, yaani mwanga mara mbili, au moja na nusu, juu ya kile kamera inachotaka. Hapo unga ulio karibu na dirisha unaweza kupotea, na kwenye kamera ya kidijitali mwanga ukishamwagika haurudi. Pale panabaki weupe mtupu. Filamu ingevumilia zaidi, lakini filamu Kampala siku hizi ni anasa. Dawa bora ni miguu. Ninazunguka mpaka mlango uwe ubavuni mwangu na uso wa mwokaji uugeukie, kisha nasubiri. Hapa tulipo, jirani na ikweta, jua linachomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja mwaka mzima, na saa hizo ndipo mikate ya mwisho inatoka na vijana wanauelekea mlango kuipanga. Usimwambie mtu ageuke. Atageuka mwenyewe, kazi itamgeuza.

Flashi iache nyumbani: moshi na vumbi la unga vinairudishia lenzi mwanga wote. Lenzi usiibadilishe mle ndani. Na ukipata unga kwenye kamera, tumia brashi kavu. Mwenye kufuta kwa kitambaa chenye maji anakanda chapati.

Liko jambo la jasho pia, ambalo wapiga picha hatulipendi kulisikia. Tone la jasho kwenye ncha ya pua, donge chini yake: kwetu ni picha ya mwaka. Kwa mwenye bekari ndogo anayehangaika kupata alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la taifa, au anayeogopa wakaguzi wa jiji, picha hiyo ni ushahidi wa mashtaka. Na kwa kijivu jasho linang'aa maradufu. Mimi picha za namna hiyo namwonyesha mwenyewe kwanza, na akisema futa, nafuta mbele yake. Kuna nzuri nilizozipoteza hivyo. Basi.

Hajji anazo zangu mbili ukutani. Nilizichapisha Nasser Road, ambako wanachapisha chochote kuanzia kadi za harusi, mradi ukumbuke kuwaambia wasitumie wino wa rangi kwenye picha ya kijivu, la sivyo uso utarudi na ukijani. Moja ni ya rangi, treya imejaa, na hiyo ndiyo anayoiweka pia kwenye WhatsApp kutafutia oda. Ya pili ni ya nyeusi na nyeupe: kijana wa Arsenal anakanda, ameinua macho, meza mbele yake karibu na dirisha imekuwa weupe mtupu usio na chembe hata moja. Mwenzangu mmoja anayejua sana mambo haya aliiona akatikisa kichwa, akasema kwenye mashindano majaji watanikata alama kwa ule unga uliopotea. Wakate.