Dispacha wa Ndege Apewe Mamlaka, Si Bahasha Tu

Nilipokuwa dispacha, yaani ofisa wa ardhini anayeandaa mpango wa safari ya ndege, katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, sehemu kubwa ya zamu yangu ilipita nikitembea kati ya ofisi na ndege, nikiwa na bahasha yenye mpango wa safari, taarifa za hali ya hewa na hesabu ya uzito. Kepteni alisoma, akaongeza mafuta kadiri alivyoona inafaa, akasaini, nami nikashuka. Kama safari ile ilistahili kuondoka au la, hilo halikuwa swali langu.

Leo nafanya kazi hiyo Texas, na ndege ninazozihudumia mara nyingi sizioni kwa macho. Sheria ya Marekani inawataka rubani na dispacha wawajibike kwa pamoja kupanga safari ya ndege ya ratiba, kuichelewesha na kuiruhusu, na wote wawili husaini. Hata ndege ikiwa angani, mmoja wao akiona haiwezi kufika salama, haipaswi kuendelea kuelekea huko, isipokuwa kepteni akiona hakuna njia iliyo salama zaidi. Mfumo huu una mizizi katika ajali ya mwaka 1935 huko Missouri iliyomuua Seneta Bronson Cutting, ambayo ilichangia kupatikana kwa sheria ya usafiri wa anga ya mwaka 1938.

Mstari wa radi unapokaribia Dallas, kepteni huona pale rada ya ndege yake inapofikia; mimi naona mstari wote, ndege zilizokwisha kugeuzwa, na viwanja mbadala vinavyojaa. Namwandikia kwamba Austin pamejaa, San Antonio bado kuna nafasi, na mafuta yake yanaruhusu kuzunguka dakika 20 tu. Naye hunijibu kwa kunieleza anachokiona mbele yake, na tukitofautiana tunajadiliana mpaka tuafikiane.

Nyumbani, programu sasa hupanga njia na kepteni huupakua mpango kwenye kishikwambi, hivyo bahasha inaelekea kutoweka, na wapo wanaosema kwamba dispacha naye aondoke ili gharama zipungue. Hoja hiyo inaniumiza, kwa sababu Texas programu hizohizo zilimwondolea dispacha hesabu za mkono zikampa muda wa kuifuatilia safari hadi ndege itue. Radi za Ziwa Victoria hukua usiku juu ya maji, na ndege ya alfajiri kwenda Mwanza inamhitaji mtu aliyekesha akiziangalia, mwenye uwezo wa kusema safari isubiri.

Tanzania na Kenya tayari hutoa leseni kwa maofisa hawa. Kinachotakiwa ni kanuni itakayoifanya sahihi ya mwenye leseni kuwa sharti la kuondoka, ili meneja anayeikimbiza ratiba asiweze kumpita. Najua baadhi ya makepteni wetu wataona wananyang'anywa heshima, lakini hata Marekani, dharura ikitokea angani, uamuzi wa mwisho hubaki kwa kepteni. Sheria ya Marekani pia humtaka dispacha akae na marubani wakiwa kazini kwa angalau saa 5 kila mwaka, na hili ningependa lianze nyumbani hata kabla ya kanuni kubadilishwa, kwa kuwa kepteni aliyewahi kuketi na dispacha akamwonyesha mawingu ya Ziwa Victoria kupitia kioo cha ndege atampigia simu mapema zaidi.