Nani Kagusa Meza Yangu?

Jumatatu nimefungua kibanda changu cha steshenari pale Mwenge saa moja na nusu asubuhi, foleni ishaanza. Binti wa barua ya kuomba kazi, mzee wa kutoa kopi kitambulisho mbele na nyuma, na mwanafunzi anayetaka kurasa 60 zitoke sasa hivi kana kwamba alizaliwa jana usiku hakujua kuna leo. Nawasha kompyuta. Mkono, kwa mazoea ya miaka ishirini na ushee, unateremka wenyewe mpaka kona ya chini kushoto, unabonyeza.

Kimya.

Nabonyeza tena, sasa kwa nguvu kidogo, kama mtu anayegonga mlango wa mdeni wake. Kimya. Kumbe kitufe cha Windows cha kufungulia menyu kimehama, kimekwenda kukaa katikati, kimezungukwa na wenzake kama bwana harusi.

"Anko, imejiapdeti yenyewe usiku," akasema mpwa wangu, hata hajainua macho kwenye simu.

Yenyewe! Mimi nimelala Mbagala, kompyuta imelala Mwenge, halafu imeamka usiku wa manane ikahamisha samani. Hivi hata mpangaji akitaka kupigilia msumari ukutani si anamwambia kwanza mwenye nyumba? Kona ile ni ya kitufe kile tangu 1995. Kuna watoto wamezaliwa, wamesoma, wameoa, kitufe kipo konani. Enzi hizo kiliandikwa "Start", yaani Anza, na ukitaka kuzima mashine ulianzia hapohapo kwenye Anza. Sikulalamika. Niliona ni ajabu, lakini ni ajabu inayojulikana inakokaa.

Nikiri jambo moja ambalo vijana hawalielewi: mimi zile picha ndogo za kubonyeza, ikoni, siziangalii. Mkono ndio unajua. Umeme ukikatika usiku, mama watoto haulizi kiberiti kina rangi gani, ananyoosha mkono tu anakishika. Na mimi hivyohivyo. Deskitopu yangu ina mafaili mia na kitu, mgeni akiiona anasema ni jalala, lakini ina mitaa yake. Kona ya juu kulia ni ya wadaiwa. Kazi ambayo haijalipiwa inakaa pale mpaka mwenyewe aje na hela. Chini yao kadi za harusi. Ratiba za mazishi ziko mbali kabisa, upande wa kushoto, kwa sababu kuna mwaka zilikaa jirani na harusi, nikamchapia mtu ratiba ya maziko ya babu yake ikiwa na maua pembeni na njiwa wawili wanabusiana. Nilirudisha hela yote na rambirambi juu.

Sasa mpwa wangu, Mungu amjalie, siku moja nilimwacha dukani nikaenda kufuata wino. Narudi, deskitopu nyeupe pee. Kila kitu amekisomba akakitia kwenye folda moja, folda akaiita "Mbalimbali".

"Nimekusafishia, Anko."

Wiki nzima wadaiwa walichukua kazi zao bure, maana sikujua nani ni nani. Wenyewe walijua. Hawakunikumbusha.

Tena basi, neno lenyewe deskitopu si maana yake juu ya meza? Wazo hili lilifika sokoni 1981 na kompyuta iliyoitwa Xerox Star. Wakachora karatasi ndogo, jalada, kabati la mafaili, ili karani akikaa mbele ya mashine asishtuke, aone vitu vya ofisini kwake. Jambo la maana kabisa. Tatizo ni kwamba meza waliyoichora ni ya karani wa Marekani. Macintosh ya Apple ikaja 1984 na pipa la taka kwenye kona ya chini kulia. Pipa la taka, juu ya meza! Mama yangu angenikuta na pipa la taka mezani, leo nisingekuwa hai kukusimulia haya.

Jalada la manjano nalikubali. Hilo nalijua, masjala zimejaa, lina uzi wake na vumbi lake. Ila la kwenye kompyuta unabonyeza mara mbili linafunguka. La masjala unaambiwa njoo kesho, mara mbili, ndipo litafutwe. Na alama ya kutafuta mbona ni kioo cha kukuzia? Nani kwetu ametafuta kitu na kioo cha kukuzia? Sisi tunatafuta kwa tochi ya simu, tukishindwa tunaita "Mamaa!" kutoka chumbani.

Ya kuhifadhi ndiyo kichekesho. Ni flopi, ile diski ya zamani ya inchi tatu na nusu, iliyobeba megabaiti 1.44, yaani leo picha moja ya mwali haiingii. Binti yangu wa darasa la tano kaniuliza kwa nini kwenye kompyuta wamechora friji. Ningekuwa mimi mchoraji, alama ya kuhifadhi ingekuwa fundo kwenye pindo la kanga. Hakuna mtu kati ya Tanga na Lindi angeuliza maana yake. Kinachofungwa pale hakipotei, na hakitoki bila mwenyewe kutaka.

Lakini tusiwe wachoyo wa sifa. Yule mama aliyechora ikoni za Macintosh ya kwanza, Susan Kare, alikuwa fundi. Alipewa kiwanja cha vidoti 32 kwa 32, vyeusi na vyeupe basi, akaanza kuchorea kwenye karatasi ya mirabamiraba. Hesabu mwenyewe: vidoti 1,024, na ndani yake akatoa kompyuta inayotabasamu, bomu lenye utambi, kopo la rangi linalomwagika. Nikiitazama kazi ile namwona marehemu bibi akidarizi vitambaa vya makochi: anahesabu nyuzi, anajaza kijumba kimoja kimoja, mwisho anatoka tausi, na hata mwenye makengeza anajua huyu ni tausi.

Leo wana rangi mamilioni na kioo cheupe kama maziwa, wanachora nini? Kiboksi cha buluu chenye kona za mviringo. Ya barua pepe buluu. Ya hali ya hewa buluu. Ya benki buluu. Zote zimelala bapa kama chapati iliyodondoka barabarani ikapitiwa na daladala. Juzi nilitaka kuangalia kama mvua itanyesha, nikajikuta naangalia salio. Hali ilikuwa mbaya vilevile.

Halafu vile vistari vitatu! Eti ndani yake kuna menyu. Navyo ni vya zamani, alivichora Norm Cox kwa ajili ya ileile Xerox Star, lakini vilikaa kimya miaka mingi vikaibukia kwenye simu. Mimi naviita mishikaki mitatu. Mteja akinipigia kuuliza afanyeje, namwambia bonyeza mishikaki, anaelewa papo hapo. Mwingine aliuliza iko wapi pilipili. Nikamwambia, bonyeza tu, utaiona.

Na picha ya nyuma nayo wamenitolea. Nilikuwa nayo ile ya kilima cha kijani na anga la buluu iliyokuja na Windows XP mwaka 2001. Wateja wameibishania sana. Mzee mmoja wa Kinyakyusa aliniapia kwamba ni Tukuyu, anamjua hata mwenye shamba. Nilimweleza kwamba ni Sonoma, California, na kwamba Charles O'Rear aliipiga 1996 akiwa njiani na gari anakwenda kumwona mchumba wake. Akanitazama kwa huruma. "Huyo mchumba," akasema, "alikuwa anakaa Tukuyu."

Mpwa ameweka nyeusi. Kila kitu cheusi: kioo, madirisha, menyu. Anasema macho yanapumzika. Yanapumzika yake, mimi naona kivuli changu na kipara changu. Tangu aiweke, wateja watatu wamefika mlangoni, wakachungulia, wakauliza, "Leo huna umeme?" wakaenda kwa jirani. Jirani ana kilima.

Jumatatu hiyo basi, binti wa barua alingoja dakika arobaini. Mwanafunzi aliondoka na kurasa 22, nyingine akasema atamweleza mhadhiri kwa mdomo. Mpwa alipochoka kunisikia aliingia kwenye mipangilio, ile yenye alama ya spoketi ya baiskeli, akagusa mahali, kitufe kikarudi kushoto. Sekunde kumi! Asubuhi nzima ananitazama nahangaika, kumbe dawa anayo mfukoni.

Nimefika nyumbani Mbagala jioni, nimekaa kwenye kochi, namsimulia mama watoto tangu mwanzo. Vitu vya mtu havihamishwi, namwambia. Mtu mzima ameshazoea, mkono unajua wenyewe, halafu anatokea mtu anayejifanya fundi, anapanga upya bila kuuliza!

Akanisikiliza mpaka mwisho. Huyu mwanamke akinisikiliza mpaka mwisho huwa si dalili njema.

"Unakumbuka," akasema, "nilipokwenda kwetu kwa arubaini, ukanipangia kabati la jikoni?"

Nakumbuka. Nilinunua makopo kumi na mawili yanayofanana, yote ya buluu, yamependeza. Wageni wa msiba walikunywa chai ya chumvi.

Sikujibu. Nimeinuka taratibu kwenda kuchukua kikombe changu, kile chenye picha ya twiga, ambacho miaka yote kinaning'inia kwenye msumari wa kushoto. Mkono umekwenda wenyewe. Umeshika ukuta.

"Nimekihamishia katikati," sauti ikaja kutoka sebuleni.