Nyumba ya Mwezini Lazima Iishe Kwanza

Sisi tuliojenga pembezoni mwa Dar es Salaam, huko Chanika, Kivule na Bunju, tunaijua vizuri desturi ya kuhamia nyumba kabla haijaisha. Mtu akishapaua na kupata mlango mmoja wenye kufuli, huziba madirisha kwa mabati, hununua maji kwa madumu, na kuanzia hapo hujenga huku anaishi, ili aepukane na kodi ya kupanga. Mimi mwenyewe niliishi miaka miwili katika nyumba isiyo na dari wala plasta, na sijutii, kwa sababu paa lilipovuja nilihamisha kitanda na joto lilipozidi nilitoka nje kupunga upepo. Ndiyo maana kila ninaposoma habari za mipango ya watu kwenda kuishi mwezini, ninachojiuliza kwanza ni nani atakayeimaliza nyumba kabla mwenyeji hajaingia.

Kule hakuna kutoka nje kupunga upepo. Mwezi hauna hewa ya kuvuta. Mchana wake hudumu takribani siku 14 za duniani, na karibu na ikweta yake joto hufika kiasi cha nyuzi 120 za Selsiasi. Usiku wake, ambao ni mrefu vilevile, baridi hushuka hadi nyuzi 130 chini ya sifuri. Mionzi ya anga hupiga ardhi moja kwa moja kwa kuwa hakuna kinachoizuia. Wanaanga 12 waliotembea huko kati ya mwaka 1969 na 1972 walikuwa wageni wa siku chache tu, na hata wale wa Apollo 17, safari ya Marekani ya mwaka 1972, waliokaa kuliko wenzao wote, hawakuzidi siku tatu na saa chache. Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba roboti zitangulie, zifanye kazi ya fundi na ya saidia fundi mpaka nyumba iishe, ndipo binadamu aitwe. Kutanguliza asiye binadamu mahali pa hatari si woga. Pale Morogoro shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya kunusa mabomu ya ardhini, na panya hao wamesaidia kusafisha mashamba ya Msumbiji na Angola ili wakulima warudi kulima kwa usalama.

Kazi ya kwanza ni kiwanja chenyewe, na hapa pana jambo ambalo wengi hawalifikirii. Mwezi Novemba 1969 chombo cha Apollo 12 kilitua kiasi cha mita 160 kutoka Surveyor 3, mashine isiyo na mtu iliyokuwa imefika hapo tangu Aprili 1967. Wanaanga walikata baadhi ya vipande vyake wakarudi navyo, na wataalamu walipovichunguza waligundua kwamba vumbi lililorushwa na injini ya chombo kilichotua lilikuwa limevikwangua kama msasa. Hebu fikiria ukuta wa nyumba, au kioo cha dirisha ambalo nyuma yake amelala mtu, ukipigwa hivyo kila mgeni anapowasili. Ni lazima basi roboti zisawazishe na kushindilia uwanja wa kutulia, zijenge tuta la kuukinga, na baadaye zifukie nyumba kwa tabaka nene la udongo wa huko ili kuzuia mionzi. Lakini katapila tunazoziona zikichimba barabara zetu hutegemea uzito wao, na mwezini kila kitu kina moja ya sita tu ya uzito wake wa duniani, hivyo mashine ikisukuma udongo, udongo nao huisukuma mashine nyuma. Wahandisi wa NASA, shirika la anga la Marekani, walitengeneza roboti ya majaribio iitwayo RASSOR, yenye mapipa ya kuchotea mbele na nyuma ambayo huzunguka kuelekea pande tofauti, ili nguvu za pande zote mbili zifutane. Ninaona huo ni ufundi wa hali ya juu, kwa sababu umeanza na udongo wa mahali penyewe.

Maji ni suala la pili. Mwaka 2009 Marekani iligongesha kipande cha roketi katika shimo la Cabeus, karibu na ncha ya kusini ya mwezi, na vumbi lililoruka lilikutwa na maji. Barafu imejificha katika mashimo yasiyofikiwa na jua, huku miinuko michache jirani ikipata mwanga wa jua, unaoweza kutoa umeme, kwa sehemu kubwa ya mwaka. Maeneo ya namna hiyo ni machache, na hapo ndipo penye wasiwasi wangu mkubwa. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unakataza taifa lolote kujimilikisha mwezi, lakini sisi wa Dar es Salaam tunajua kwamba mtu akishazungusha ukuta kwenye kiwanja, kumtoa ni kesi ya miaka. Atakayetanguliza roboti zake kwenye miinuko hiyo atakuwa ameikalia hata asipodai hati. Makubaliano ya Artemis ya mwaka 2020, yanayoongozwa na Marekani kuhusu shughuli za mwezini, ambayo Nigeria na Rwanda ziliyasaini Desemba 2022, yanazungumzia maeneo ya usalama kuzunguka shughuli za kila mmoja ili wengine wasiziingilie, na ningetamani nchi zetu zihoji upana wa maeneo hayo sasa, kabla roboti ya kwanza haijachimba.

Hata hivyo, roboti peke yake haitoshi. Mwaka 1973 Wasovieti waliiendesha Lunokhod 2, roboti ya magurudumu iliyokuwa mwezini, kutoka duniani kwa kutazama picha ilizotuma, ikatembea takribani kilomita 39, kisha kifuniko chake kikagusa ukingo wa shimo na kuchota udongo. Kilipofungwa, udongo ule ulimwagikia sehemu ya kupoozea joto, na mashine ikafa. Pragyan, roboti ya India ya kilo 26 iliyoshuka Agosti 2023, ililazwa usiku ulipoingia na haikuamka tena. Kosa dogo lilitosha, kwa sababu hapakuwa na mkono wa kufuta vumbi wala wa kubadilisha betri.

Mwezi mmoja hivi kabla Lunokhod 2 haijatua, nyundo ya Eugene Cernan wa Apollo 17 ilinasa kwenye madigadi ya gari lao na kuyavunja, vumbi likawa linawanyeshea kila walipokwenda. Kesho yake yeye na mwenzake Harrison Schmitt walifunga mahali palipovunjika ramani nne walizokuwa wameziunganisha kwa utepe, wakazibana kwa vibanio, wakaendelea na safari. Ni kwa kazi ya namna hiyo ningependa mtu apelekwe mwezini: afike uwanja umeshashindiliwa, hewa na maji vipo ndani, paa limeshafukiwa kwa udongo, naye ashuke na mkoba wa vifaa aende kuifungua roboti iliyokwama.