Ofa mbili mezani, usianze na ile yenye hela nyingi

Sisi tunaofanya tafsiri na ukalimani kwa mikataba hapa Kigoma tunajuana, simu inaweza kukaa kimya mwezi mzima halafu ghafla ofa mbili tatu zinaingia wiki moja. Hapo ndo naona wenzangu wengi wanakimbilia ile yenye hela ndefu, na mimi hiyo siikubali kabisa. Swali la kwanza liwe hela inatoka lini na anaitoa nani, shilingi ngapi ije baadaye.

Chukua mfano wa kawaida tu huku kwetu. Kampuni iliyopewa kazi na shirika kubwa inakuita ukalimani wa Kirundi na Kifaransa kambi ya wakimbizi Nyarugusu, kule Kasulu, tuseme milioni moja na nusu kwa mwezi. Mteja mwingine yuko Dar, anataka umtafsirie ripoti ukiwa nyumbani kwako Mwanga au Ujiji, laki 9, nusu anatuma kabla hujaanza. Harakaharaka ya Kasulu ndo tamu. Haya shika kalamu sasa. Kodi ya zuio, ile anayokukata anayekulipa, asilimia 5, 75,000 imeondoka hata hujaigusa (dai cheti chake jamani, kinahesabika kwenye kodi yako TRA, watu wanaacha hela yao pale kila mwaka). Chumba, msosi, nauli za kuja kuona familia, bando, weka laki 4 na nusu. Umebaki na 975,000. Ya Dar ukitoa kodi ni 855,000. Yani unalala mbali na watoto mwezi mzima kwa ajili ya laki na ishirini!

Na bado hujafika kwenye malipo. Kuna sentensi inapenda kukaa ukurasa wa nyuma kabisa, inasema utalipwa baada ya mteja mkuu kulipa. Isome mara mbili, maana hapo hata ukifanya kazi safi na ankara ukapeleka mapema, hela yako inasubiri watu ambao hujawahi kuwaona na hawajui kama upo, na wewe ndo umeshajilipia chumba na nauli kutoka mfukoni, kwa hiyo kiukweli umemkopesha kampuni bila riba. Mimi mkataba wenye hiyo sentensi naomba iandikwe siku 30 tangu ankara ipokelewe, wakigoma naenda na wa laki 9.

Halafu hili la kusema Kiha na Kirundi ni ndugu kwa hiyo Muha alipwe kidogo, linaniuma. Ndiyo tunaelewana sokoni. Lakini kukaa katikati ya mama anayeeleza yaliyomkuta njiani na afisa anayeandika, usipoteze hata neno, hiyo ni kazi ya watu waliojifunza na ina bei yake.

Kingine ni wale wanaotaka usichukue kazi ya mteja mwingine yeyote, uripoti saa mbili asubuhi utoke saa kumi na moja, ila mkataba wanaita wa huduma. Hapo hakuna likizo wala NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii. Kama wanakutaka mzima mzima waambie wakupe ajira ya muda maalumu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inairuhusu kwa wataalamu, na NSSF ni asilimia 20 ya mshahara ambayo mwajiri anabeba angalau nusu. Hawataki? Basi bei ya siku ipande, na hicho kipengele cha kukufunga kitoke.

Ukishaamua mpigie uliyemkataa siku hiyohiyo, usimwache anasubiri. Mji wetu mdogo, mratibu wa mradi huu mwakani utamkuta shirika lingine akiwa na kazi nzuri zaidi. Na kama kuna mwenzako anayeiweza hiyo kazi, mpe namba yake, ila huyo mwenzako umwambie kabisa kilichoandikwa ule ukurasa wa nyuma.