Marekani wana mashine, ila ngozi yetu inawashinda

Ndugu zangu wa Mbarara, Uganda, wakinipigia simu hupenda kusema, "Huko daktari habahatishi, kila kitu mashine." Siwalaumu. Nyumbani homa ikianza unatobolewa kidole, na muda si mrefu unajua kama ni malaria. Karatasi ya majibu ndiyo inayoaminika.

Huku Connecticut, jimbo lenye mji wa Lyme uliouachia ugonjwa jina lake, karatasi inaweza kukuponza. Lyme huletwa na bakteria wa borelia anayebebwa na kupe mdogo wa msituni mwenye miguu myeusi. Siku 3 hadi 30 baada ya kuumwa, wengi hutokwa na doa linalotanuka polepole hadi kupita sentimita 5, na mara nyingi haliumi wala haliwashi. Siku hizo za mwanzo maabara haina msaada mkubwa, maana kinachopimwa si mdudu bali kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi yake, na hiyo huchukua wiki kadhaa kuonekana. Kwa hiyo daktari anayeijua kazi yake akiliona doa hasubiri kipimo, anaandika doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria.

Shida ni kuliona. Picha za vitabuni ni duara jekundu kwenye paja la Mzungu. Binamu yangu, anayefyeka nyasi kwenye nyumba za watu, alilipata nyuma ya goti: zambarau iliyokolea, pana kama kiganja, lina joto ukiligusa, na ukingo wake huuoni mpaka asogee dirishani. Kliniki ya kwanza walimwambia amejigonga. Wakampima, jibu likaja hasi, wakamruhusu aende. (Bili haikuchelewa, hiyo ilifika upesi.) Daktari wa pili alilimulika kwa tochi, akalizungushia wino, akampa dawa siku hiyohiyo. Kesho yake doa lilikuwa limeshavuka wino.

Si yeye peke yake. Uchunguzi wa hapa Marekani umeonyesha kwamba weusi wenye Lyme hugundulika wakiwa wamechelewa zaidi kuliko weupe, mara nyingi viungo vimeshavimba.

Nyumbani nako hadubini ina heshima yake. Mwaka 1904 madaktari Ross na Milne, wakiwa Uganda, waliandika juu ya homa ya papasi na vijidudu vyake kwenye damu. Huyo ni borelia mwingine. Homa ikipanda hujaa kwenye damu, hadubini ikamnasa. Wa Lyme hanaswi kirahisi hivyo. Ila tabibu wetu wa kituo cha afya, aliyezoea kusoma ngozi nyeusi kutwa nzima, nadhani asingemwambia binamu kajigonga.

Mnaokuja huku kiangazi, jikagueni kila jioni nyuma ya magoti, kinenani na kwapani. Ukiona doa, lipige picha mchana, sarafu kando yake, na kesho yake tena. Ukirudi nyumbani na homa, malaria haipo, mwambie tabibu kwamba ulikuwa kwenye misitu ya Marekani. Kupe wa kwetu Ankole wana ndigana ya ng'ombe, Lyme hawana, kwa hiyo usipomwambia hana sababu ya kuiwaza.