Nani Tena Kafunua Sufuria?

Jamani, acheni mfuniko wa watu! Maji yalishaanza kutoa vipovu, sasa tunaanza upya, na gesi yenyewe ni hii ya kubembeleza.

Mpanda mlima akishachoka hana tena hamu ya chakula, ana hamu ya karamu. Mchana kutwa anatafuna karanga bila neno. Jioni hema zikisimama tu, anatangaza kwamba leo tunakula kama watu: tambi, jibini, siagi, kitunguu saumu na nyama iliyokaushwa. Mpishi nani? Yeyote aliyeinama karibu na jiko kufunga kamba za viatu.

Basi mpishi anajikusanya na heshima zake. Anatafuta pa tambarare, anapanga mawe upande unaotoka upepo. Kulizungushia jiko bati pande zote hathubutu, maana mtungi wa gesi uko chini ya moto, na joto likiurudia utalipuka. Kupikia ndani ya hema ndiyo kabisa: ile hewa ya sumu ya kaboni haina harufu wala haipigi hodi. Kile kibonyezo cha kuwashia kinalia ta, ta, ta, cheche hakuna, basi kiletwe kiberiti. Kiberiti kiko kwa nani? Kwa aliyelala.

Hapo ndipo anapotokea Bwana Kimeiva. Kila kundi lina wake. Hakuteka maji, hakumenya kitunguu, kaja na kijiko.

"Kimeiva?"

"Bado, ndugu yangu."

"Mbona kinachemka?"

Haya, mweleze. Mwambie kila mkipanda mita 300 hivi, maji yanachemkia joto lililopungua karibu nyuzi moja. Mkiwa mita 4,000 yanachemka kwenye nyuzi 87 hivi badala ya 100. Yanarukaruka, yanafoka, lakini joto la kuivisha hayana. Ukiongeza moto unaongeza mvuke tu, na gesi inakwisha. Bwana Kimeiva anaitikia kwa kichwa, taratibu, mtu mzima mwenye kuelewa mambo.

"Kwa hiyo kimeiva?"

Na mkono huo kwenye mfuniko! Mvuke wote fyuu, umekwenda kupasha moto mawingu. Anavua tambi moja, anaipuliza, anaitafuna, inalia kra. "Bado kidogo," anatoa hukumu. Bado kidogo! Nani alikuita, bwana? Mfuniko anaurudisha upandeupande, kisha anakwenda kuwaarifu wenzake kwamba mpishi wa leo mzito. Dakika mbili hazijapita, karudi na mashahidi.

Kuna na aliyebeba maharage makavu. Bila sufuria ya presha, mheshimiwa, hayo tutayakesha. Dengu nyekundu zilikukosea nini?

Tambi nazo zina adabu zake. Ziloweke kwenye maji baridi saa moja u nusu kabla ya kuwasha jiko. Zikishalegea, dakika chache za moto zinatosha. Nyama kavu iingie maji yakiwa bado baridi, la sivyo mtatafuna kamba. Yakichemka zima, funga sufuria ndani ya koti, iache robo saa. Robo saa bila kuguswa! Jibini iliyokwanguliwa ije baadaye, moto umeshazimwa, kiganja kimoja kimoja huku unakoroga. Ukiitia ikiwa inatokota, mafuta yanajitenga na kinachobaki ni mpira. Siagi tia bila huruma, kila gramu ya mafuta ina kalori 9, wanga ina 4. Na kama sufuria ni ya titani, ile metali nyepesi, usiache kukoroga. Hiyo inaunguza katikati huku pembeni kukiwa baridi.

Halafu moto unanywea. Mtu anautikisa mtungi: "Mbona gesi ipo?" Ipo ndiyo, lakini humo mna gesi mbili zilizochanganywa: propani, iliyo nyepesi kugeuka mvuke, imetangulia kwenda, iliyobaki ni butani, nayo kwenye nyuzi sifuri inagoma kugeuka mvuke. Tena mtungi unapotoa gesi unajipoza wenyewe. Usimamishe kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu. Nimesema uvuguvugu! Usiku ulale nao ndani ya begi la kulalia, najua hapatoshi. Theluji nayo, ukiiyeyusha upate maji, anza na maji kidogo chini ya sufuria, maana ikitiwa kavu sufuria inaungua na chai yote inanuka moshi.

Chakula kikipakuliwa, kinakwisha kabla mpishi hajapata kijiko. Inabaki jibini iliyoganda kutani mwa sufuria. Tia maji ya moto, kwangua, unywe, mchuzi huo. Maji ya sabuni yamwagwe mita 60 kutoka kijitoni. Sasa uliza nani atazitembea hizo mita 60 gizani na upepo huu. Wote usingizini, hata yule ambaye sasa hivi tu alikuwa anasema chumvi imezidi. Anakoroma, na miguu yake iko kwenye begi langu.